Shangazi aliyebaki nje ya picha: kisa cha lenzi ya fulu fremu kwenye kamera ya kropu

Mpiga picha wa kisa hiki anafanya kazi hapa Dodoma mjini. Mwisho wa wiki ni harusi na sendofu, katikati ya wiki ni semina na mikutano ya maofisini, na msimu wa mahafali ukifika utamkuta Chuo Kikuu cha Dodoma tangu asubuhi, kamera shingoni. Ameniruhusu nikieleze kisa chake bila kumtaja jina. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu naona vijana wenye kipaji wakitumbukiza akiba yao yote pale pale alipoitumbukiza yeye, na hakuna anayewaambia kwa nini picha hazikai.

Kamera yake ni Canon 80D, iliyotoka mwaka 2016, yenye megapikseli 24 na sensa ya kropu, yaani kipande cha kunasia picha kilicho kidogo kuliko kile cha fulu fremu. Aliinunua pamoja na lenzi ya 18-135, ile inayokuja na boksi. (Namba hizo ni milimita za urefu wa fokasi: namba ikiwa ndogo, lenzi inaona pana zaidi.) Alipoanza kupata kazi za maana, wenzake wakamshauri kama tunavyoshauriwa wote: usipoteze fedha kwenye lenzi za kropu, nunua za fulu fremu, maana kamera utabadilisha lakini lenzi utabaki nazo. Akaiuza 18-135, akajazia fedha, akanunua 24-70 f/2.8 (hiyo f ni kipimo cha tundu la kupitisha mwanga) iliyotumika, toleo la kwanza la Canon la mwaka 2002. Ni lenzi ya karibu kilo moja, imara, ina mstari mwekundu mbele, na mteja akiiona tu anaamini amepata fundi. Kuhusu lenzi yenyewe hakutapeliwa. Ilikuwa nzima na nzuri.

Harusi iliyoleta mgogoro ilikuwa ya familia moja ya Chang'ombe. Asubuhi bibi harusi alipambwa nyumbani, kisha ikapangwa picha ya familia kabla ya kwenda kanisani. Picha hiyo haikuwa na namna ya kupigwa nje. Uani kulikuwa na turubai, masufuria ya pilau na wanakamati wanaopishana na kreti za soda. Halafu bibi mzaa mama, ambaye magoti yanamsumbua, alikuwa ameshakalishwa kwenye kochi na hakuna aliyekuwa tayari kumsumbua ainuke. Kochi lilikuwa limegusa ukuta, kwa hiyo nyuma yake hapakusimamika mtu. Wakakaa watatu, bibi harusi katikati, na wengine sita wakajipanga kushoto na kulia.

Mpiga picha akaegemea ukuta wa pili, kando ya kabati la televisheni, akazungusha zumu hadi mwisho: 24. Akaona kochi na mtu mmoja mmoja kila upande. "Naomba msogee ndani kidogo wazee wangu. Kidogo tena. Mjomba, geuka ubavu." Wakabanana mpaka mabega yakapandana, na bado hawakuenea. Akarudi nyuma mpaka koridoni, akapiga kupitia mlangoni, na sasa fremu ya mlango ikaingia kwenye picha pande zote mbili. Gari la bibi harusi lilikuwa linapiga honi nje. Akapiga alichoweza, akasema zilizobaki atazimalizia kanisani.

Albamu ilipofika, mama mkubwa wa bibi harusi akampigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii picha ya nyumbani, shangazi yake yuko wapi? Mimi alisimama pembeni yangu kabisa."

Kwenye picha iliyochaguliwa, upande wa kulia, mlikuwa na kiwiko na kipande cha kitenge. Basi. Huyo shangazi ndiye aliyesimamia mambo ya upande wa baba tangu siku ya barua ya posa, na kwenye harusi za kwetu mtu wa namna hiyo hakatwi kwenye picha. Familia ikazuia salio la malipo. Kijana akahitimisha kwamba ameuziwa lenzi mbovu, akaniletea kadi ya kumbukumbu na lenzi yenyewe nikague.

Kadi ilisema nini

Kila picha hubeba taarifa zake: urefu wa fokasi, tundu, kasi ya shata, na ISO, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga. Nilipozipanga picha za siku ile kwa urefu wa fokasi, jambo lilijieleza lenyewe. Picha za chumbani na sebuleni karibu zote zilipigwa kwenye 24 kamili, yaani zumu imefika ukutani nayo. Mpiga picha anayeishi kwenye mwisho wa zumu yake siku nzima anahitaji lenzi pana zaidi, hata kama yeye mwenyewe hajalitamka hilo.

Sasa twende kwenye hesabu, maana ndiyo inayoondoa ubishi. Sensa ya fulu fremu ina milimita 36 kwa 24, kipimo kilichorithiwa kutoka kwenye filamu ya milimita 35 iliyoenezwa na kamera ya Leica kuanzia mwaka 1925. Sensa ya kropu ya Canon ina takriban milimita 22.3 kwa 14.9. Ukitaka kujua upana wa eneo litakaloingia kwenye picha, zidisha upana wa sensa kwa umbali uliopo kati yako na watu, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi. Katika sebule ile umbali ulikuwa kama mita tatu na nusu. Kwa 24 kwenye kropu unapata mita 3.25. Lenzi ile ile, ukuta ule ule, kwenye fulu fremu unapata mita 5.25. Kochi la watu watatu lina kama mita mbili, ongeza watu sita wa nusu mita kila mmoja, unafika mita tano. Kwenye fulu fremu wangeingia wote, kwa taabu kidogo lakini wangeingia. Kwenye 80D haikuwezekana, hata kama angekuwa fundi kiasi gani. Kule koridoni alipokimbilia aliongeza kama mita moja, na upana ukafika mita 4.2 hivi. Bado watu wawili nje.

Hapa ndipo penye uelewa potofu unaosambaa sana kwenye vikundi vyetu vya wapiga picha, kwamba lenzi ya 24 "inageuka" kuwa 38 ukiifunga kwenye kropu. Lenzi haigeuki kitu. Ni 24 ikiwa mezani, ni 24 ikiwa kwenye 80D. Inatupa duara la taswira kubwa la kutosha kufunika milimita 36 kwa 24, na sensa ndogo inachukua sehemu ya katikati tu. Ni sawa na kusimama mahali pale pale na kutazama nje kupitia dirisha dogo badala ya kubwa: mti haujasogea, ila nyumba za pembeni huzioni tena. Ile 1.6 wanayozidishia wenye Canon, au 1.5 ya Nikon na Sony, ni ya kulinganisha eneo linaloonekana. Inakwambia kwamba picha yako itakuwa na upana kama wa mtu mwenye fulu fremu aliyefunga milimita 38. Na kwa sababu wewe na yeye mmesimama pamoja, uwiano wa sura ya mtu wa mbele na wa nyuma ni ule ule kwenye picha zote mbili. Unaobadilika ni mpaka.

Ile 18-135 aliyoiuza ingempa nini? Kwa 18, mita 4.3. Isingetosha kwa wote tisa wakijipanga vile, lakini pale koridoni ingevuka mita tano na nusu. Kwa maneno mengine, lenzi "ya boksi" aliyoidharau ilikuwa pana kuliko ile ya mstari mwekundu, na kwa picha ile ndiyo iliyohitajika. Nilipomwonyesha hesabu hii alinyamaza, kisha akauliza kwa nini basi Canon wanaruhusu lenzi ile ifunge kwenye kamera yake.

Jibu ni la kihistoria. Mdomo wa EF, yaani sehemu ya kamera za Canon ambako lenzi hufungwa, ulitoka mwaka 1987, enzi za filamu, na kamera za dijitali zilipoanza zilitumia sensa ndogo kwa sababu sensa kubwa ilikuwa ghali mno kutengeneza. Watu walikuwa na lenzi zao, wakaendelea kuzitumia. Lenzi zilizotengenezwa mahususi kwa kropu, EF-S, zilikuja mwaka 2003. Ndiyo maana kwenye mdomo wa 80D kuna alama mbili: nukta nyekundu ya EF na mraba mweupe wa EF-S. Kamera ya kropu inapokea zote mbili. Kamera ya fulu fremu yenye kioo cha kuakisi haipokei EF-S. Urahisi huu wa kufunga ndio unaowapoteza watu, kwa sababu lenzi kukubali kufunga si sawa na lenzi kufaa kwa kazi.

Wenye Nikon wawe macho na jambo lingine kabla hata ya kufika kwenye upana. Kamera za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukinunua lenzi ya zamani ya fulu fremu kama 50 f/1.8D, itafunga, itapima mwanga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Inatakiwa lenzi yenye mota yake, kama zile za AF-S. Nimeona lenzi hizo za D zikiuzwa kwa vijana wa D3100 bila neno hilo kusemwa, na hilo linaniudhi, maana muuzaji anajua.

Picha zisizokaza

Lalamiko la pili la kijana lilikuwa kwamba picha za ukumbini hazikazi, yaani hazitoki kali, na kwamba huenda lenzi ni feki. Hili nililigawa vipande, kwa sababu lina sababu zaidi ya moja na watu huzichanganya.

Kwanza tuliipima lenzi. Tukaiweka kamera kwenye stendi, tukaielekeza kwenye ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, fokasi kwa kutazama skrini ya nyuma huku tumekuza taswira mara kumi. Kwa f/2.8 herufi zilisomeka vizuri, kwa f/5.6 zikawa kali kabisa. Kisha tukarudia kwa kutumia fokasi ya kawaida ya kuchungulia, na hapo herufi zikalegea. Maana yake vioo vya lenzi ni vizima, ila mfumo wa fokasi wa kamera hii na lenzi hii walikuwa hawajapatana: fokasi ilikuwa inatua nyuma kidogo ya shabaha. 80D ina sehemu ya kurekebisha hilo kwa kila lenzi kwenye menyu zake. Ilituchukua muda, ikakaa sawa.

Pili, kasi ya shata. Picha nyingi za ukumbini zilikuwa kwenye 70 kwa 1/60 au 1/80. Kanuni ya zamani ya kushika kwa mkono inasema kasi isipungue moja gawanya kwa urefu wa fokasi, lakini kanuni hiyo ilitungwa kwa fremu ya milimita 35. Kwenye kropu taswira inakuzwa zaidi kufikia ukubwa ule ule wa kuchapisha, na mtikisiko nao unakuzwa. Kwa 70 unahitaji walau 1/125. Lenzi ya 24-70 ya toleo lile haina kizuia mtikisiko, ilhali 18-135 aliyoiuza ilikuwa nacho. Mkono wake ulikuwa umezoea kusaidiwa na sasa haukusaidiwa tena. Juu ya hapo, watu wakiserebuka hakuna kizuia mtikisiko kinachowasimamisha. Pale ni 1/200 na kwenda juu, au flashi.

Tatu, pikseli zenyewe. Megapikseli 24 kwenye sensa ya kropu zimebanana kiasi kwamba ukizitandaza kwa msongamano huo kwenye fulu fremu ungepata karibu 62. Lenzi ya 2002 ilibuniwa wakati hakuna aliyeidai hivyo. Inatumia katikati ya kioo chake tu, ambako ndiko kuliko bora, na pembe zilizolegea na kiza cha pembeni vinakatwa nje, hiyo ni faida ya kweli. Lakini hapo katikati inapimwa kwa kipimo kikali zaidi. Ndiyo maana lenzi ya kropu ya bei ya wastani, iliyobuniwa kwa ajili ya sensa hiyo, mara nyingi haishindwi na lenzi kubwa ya zamani.

Kuhusu mwanga, alikuwa ameambiwa f/2.8 kwenye kropu "inakuwa" f/4.5, kwa hiyo alikuwa anaongeza ISO kufidia. Hapana. Kipimo cha mwanga hakibadiliki: f/2.8, 1/125 na ISO 1600 vitatoa mng'ao ule ule kwenye sensa zote mbili. Inayofanana na ya f/4.5 ni namna mandhari ya nyuma inavyofifia, ukilinganisha picha mbili zenye mpangilio sawa. Na chenga pia, kwa sababu fulu fremu ina eneo la karibu mara 2.6, inakusanya mwanga mwingi zaidi kwa ujumla. Kwa hiyo ni kweli picha zake za ISO 3200 zilikuwa na chenga kuliko za rafiki yake mwenye 5D Mark III ya fulu fremu, lakini kuongeza ISO kulikuwa kunamzidishia chenga bila sababu.

Kanisani

Kama ningeishia sebuleni ningekuwa sijaitendea haki mada, kwa sababu picha bora za harusi ile zilitoka kwenye ndoa hiyo hiyo ya lenzi ya fulu fremu na sensa ya kropu. Kanisani padri hakutaka mtu asogee karibu na altare wakati wa viapo. Kijana alikuwa ameazima 70-200 f/2.8, akasimama kwenye njia ya katikati, kama mita 20 nyuma. Kwa 200, kamera ikiwa wima, alipata kimo cha mita 2.2: maharusi wima, kichwa hadi kiatu, nafasi kidogo juu. Mwenye fulu fremu kwa lenzi ile ile angepata mita 3.6 na ingembidi akate picha baadaye. Kama kamera yake ni ya megapikseli 20, akikata hadi eneo la kropu anabaki na chini ya 8. Kijana alibaki na 24 zote.

Kuna picha moja ya pete ambayo niliikuza mpaka nikaona mkunjo wa glovu ya bibi harusi kwenye kidole cha pili na jasho juu ya mdomo wa bwana harusi. Amefokasi kwenye pete, shada la maua la mbele limefifia, mkono wa padri umekatwa kifundoni na haudhuru kitu. Ni kazi safi. Nikamwambia hivyo, kwa sababu mtu akija na malalamiko hupenda kusahau alichofanya vizuri.

Mchana walipotoka kwenda kupiga picha za nje, 24-70 pia ilifanya kazi yake. Kwenye 50 hadi 70 inalingana na 80 hadi 112 za fulu fremu, masafa ambayo uso wa mtu unakaa vizuri bila pua kuvimba. Mahafali ni hivyo hivyo: uwanja ni mpana, unaweza kurudi nyuma unavyotaka, na hakuna anayeihitaji 15. Kasoro ndogo niliyoiona huko nje ni picha za jua la saa kumi zilizopauka. Kofia ya lenzi hiyo imekatwa kwa ajili ya pembe pana ya fulu fremu, kwa hiyo kwenye kropu inaacha mwanga mwingi wa pembeni uingie ambao ungeweza kuzuiwa. Jua la Dodoma halina aibu. Msaidizi akiweka kiganja au mwavuli juu ya lenzi, nje ya fremu, rangi zinarudi.

Tiba, na alichochagua

Njia zilikuwa kadhaa na tulizijadili kwa uwazi.

Kununua bodi ya fulu fremu iliyotumika, kwa mfano 6D ya mwaka 2012, ili 24-70 iwe 24 kweli. Inavutia, na kwenye giza ingempa picha safi. Lakini fokasi ya 6D ina nukta 11 na ni ile ya katikati pekee yenye nguvu, wakati 80D ina 45. Kwa mtu anayefukuza watu wanaocheza, huko ni kurudi nyuma. Halafu fedha yenyewe hakuwa nayo, na ndipo ushauri wa "utapanda baadaye" ulipoonyesha udhaifu wake: hakukuwa na tarehe wala akiba ya kupanda huko, ila harusi za kila Jumamosi zilikuwepo.

Kuna vile vipachiko vyenye vioo vinavyobana taswira ya fulu fremu iingie kwenye kropu, vya 0.71, ambavyo hufanya 24 ione kama 17 na kuongeza mwanga kwa hatua moja, yaani mara mbili. Vinahitaji kamera isiyo na kioo cha kuakisi, yenye nafasi kati ya mdomo na sensa. Kwenye 80D havifungi. Tukalivuka hilo.

Ushauri wangu ulikuwa kubadilisha 24-70 kwa lenzi ya kropu ya f/2.8: ama EF-S 17-55 ya Canon ya mwaka 2006, yenye kizuia mtikisiko, ama 17-50 ya Sigma ambayo bei yake ni nafuu zaidi. Kwa kropu ya Canon hizo zinaanzia kwenye 27 ya fulu fremu, zinafika pazuri kwa picha za uso, na anapata f/2.8 bila kubeba kilo nzima. Kwa kazi anayoifanya leo, hiyo ndiyo 24-70 yake halisi. Nilimweleza pia kasoro ya 17-55, kwamba inajulikana kwa kuvuta vumbi ndani ya kioo cha mbele. Hapa kwetu kiangazi upepo wa vumbi ni wa kila siku, kwa hiyo ingetakiwa ikae na kichujio mbele muda wote.

Hakukubali. Alisema wateja wa Dodoma wameanza kuitambua ile lenzi kubwa, na kwamba tangu awe nayo hajaulizwa tena kama yeye ni mwanafunzi. Sikulidharau hilo, kwani soko lina macho yake. Akachagua kubaki na 24-70 na kuongeza EF-S 10-18 iliyotumika, lenzi nyepesi ya gramu 240, ya f/4.5 hadi 5.6. Ni suluhisho la nusu, kwa sababu sasa anabadilisha lenzi katikati ya shughuli na kila ukifungua mdomo wa kamera hapa Dodoma unalikaribisha vumbi. Tulikubaliana abadilishe ndani tu, kamera imeelekezwa chini, kamwe si uani penye turubai.

Familia ile ilikubali picha irudiwe siku ya kuvunja jungu, maana ndugu walikuwa hawajatawanyika. Nilikwenda naye. Sebule ile ile, kochi lile lile, bibi amekaa. Jambo la kwanza alilofanya ni kuzungusha mpaka 10, na nikamzuia. Kwa 10 wangeenea wote na ukuta ungebaki, lakini watu wa pembeni wangetanuka: mtu mwembamba anaonekana mnene, na kichwa kilicho kwenye kona kinavutwa kama yai. Shangazi aliyekatwa mara ya kwanza asingefurahi kutanuliwa mara ya pili. Kwa 15 kwenye kropu unapata mita 5.2, sawasawa na 24 ya fulu fremu. Akaweka 15, kamera usawa wa kifua cha aliyesimama, bila kuinamisha, ili mistari ya ukuta na mlango isilale.

Kisha akawapanga upya, na huu ndio uamuzi ambao hakuna lenzi ingemfanyia. Wadogo wawili wakaketi kwenye zulia mbele ya kochi, shangazi akasimama jirani kabisa na kochi upande wa bibi harusi, na pembeni wakabaki vijana warefu, na hewa kidogo baada yao kabla ya mwisho wa fremu. Safu ikafupika mpaka mita nne. Flashi akaielekeza juu kwenye dari jeupe la jipsamu, tundu f/5.6, 1/125, ISO 800. Nyumba yenye dari la mbao asingeweza kufanya hivyo, rangi ya kahawia ingewashukia wote usoni. Bibi akamwambia "Mbukwa", salamu ya Kigogo, alipomsogelea kumrekebisha mtandio, naye akaitikia, na watu wakacheka pamoja. Picha iliyochapishwa ni ya sekunde hiyo.

Salio lililipwa. Tangu hapo, kabla ya kazi yoyote ya nyumbani hupita siku moja mapema, hupima sebule kwa hatua, na kupiga ile hesabu ya sensa, umbali na urefu wa fokasi. Ikitoka chini ya nusu mita kwa kila mtu wa safu, huwaambia wenyewe mapema kwamba kochi litasogezwa mbele kidogo ili watu wasimame nyuma yake. Ile 24-70 inaishi kwenye mahafali na picha za nje. Bado namsisitiza aiuze achukue 17-55, na amesema atalifikiria msimu wa harusi ukipungua.